Fundi Makochi, Mbwa Wake na Chipu Aliyoidharau

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijashika wembe, maana mimi ni fundi wa makochi na nina mbwa anaitwa Meneja, kwa kuwa kutwa amelala karakana huku wengine tukifanya kazi, na mwaka jana mke wangu alimpeleka kwa daktari wa mifugo akawekewa chipu ya utambulisho chini ya ngozi, nami nikamwambia daktari kwamba huo ni upuuzi, itampa mbwa ugonjwa na itatufuatilia hadi chumbani, nikakataa kutoa namba yangu ya simu, ikaandikwa ya mke wangu peke yake, kisha tukakorofishana, akahamia kwa dada yake, mbwa akabaki nami, na juzi mteja akaacha mlango wazi, Meneja akatoweka siku nne, nikamwita mitaani hadi sauti ikakauka, kumbe mtu alimwokota akampeleka kwa daktari yuleyule, wakapitisha mashine shingoni, chipu ikasomeka, wakampigia mke wangu, akamchukua! Nikaenda kumdai mbwa, mke wangu akanijibu mlangoni, "Si ulisema chipu ni ya wajinga? Basi mjinga ndiye aliyepigiwa simu." Anasema atamrudisha nikiandikisha namba yangu, lakini uso nitauweka wapi mbele ya daktari? Rafiki yangu kinyozi anasema tumwibe mbwa, tuitoe chipu wenyewe kwa wembe. Nifanyeje? Karakana imepoa, najichoma sindano vidoleni.

Fundi Makochi

Fundi,

Pole kwa siku nne hizo. Pole yangu imeishia hapo.

Hongera kwa kumpata daktari wa upasuaji aliyesomea kunyoa ndevu. Mchuma janga hula na wa kwao. Wewe unataka ale mbwa.

Nimemuuliza daktari wa mifugo, maana mimi huuliza kwanza, hubisha baadaye. Chipu ni kama punje ya mchele, huingizwa kwa sindano, maumivu yake ni kama ya chanjo, na madhara ni nadra sana. Haina betri wala haimfuatilii mtu. Hukaa kimya mpaka ipitishiwe mashine. Inayokufuatilia ni simu yako, nayo huiachi hata chooni. Tena mkeo yuko kwa dada yake. Hicho chumba kina siri gani?

Weka wembe chini. Ukimkata Meneja utapata mbwa mwenye kidonda na mke mwenye ushahidi. Kesho nenda kwa daktari, useme neno moja: "Nilikosea." Halina sumu. Namba yako iandikwe pamoja na ya mkeo, si badala yake. Ukibadilisha laini, rudi ukarekebishe, kwani chipu yenye namba iliyokufa haimrudishi mbwa kwa mtu.

Halafu nenda kwa mkeo. Ile namba yake uliyoniandikia nyuma ya barua ili nimkanye, nimeipiga. Anasema Meneja hali chakula, kutwa yuko mlangoni anasikiliza nyayo. Nikamuuliza, "Na wewe je?" Akakata simu.

Asiyekutaka angekuwa na jibu tayari. Oga, vaa shati safi, uende.