Ulituacha Tupake Rangi

Turffontein,
Johannesburg.
15 Oktoba 2023

Mpendwa kaka Khatibu,

Neno "mpendwa" nimeliandika kwa sababu ndivyo barua inavyoanzwa. Usilichukulie zaidi ya hapo. Shikamoo yako hii hapa. Wewe ni mkubwa wangu, na hilo sikulichagua. Afya yako sitaiuliza leo. Sisi huku ni wazima wa mwili. Shemeji yako Nassir anaendelea na kazi yake ya ulinzi, mpwa wako Luqman anasoma, na baridi imeshaondoka.

Barua hii anakuletea Selemani mkononi, maana anarudi Tanga. Umenifungia simu, sawa. Karatasi huwezi kuifungia.

Umewatumia ndugu wote zile picha zetu za bustanini ukisema, "Mtazameni Kidawa, mama yake kafa, yeye anachoma nyama." Shangazi Mwanaisha kwa ajili hiyo hapokei tena simu zangu. Basi nakuandikia yaliyotokea wikiendi zile, na nataka uyasome mbele yake. Ukiona aibu, Selemani nimeshamsomea yote, atamweleza yeye.

Unajua Mama alikuwa aje kwetu mwezi huu. Tangu miti ya huku ilipoanza kuchipua, kila Jumamosi nyumba yetu ilikuwa vumbi tupu. Nassir akitoka zamu hakulala. Alivaa suruali ya kazi akaingia kukwangua kuta za chumba cha uani. Luqman, ambaye Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza, alipewa brashi akapaka mlango pamoja na viatu vyake.

Rangi aliichagua Mama mwenyewe kwa simu. "Msinilaze kwenye weupe kama wa hospitali," alisema. "Nitafutieni kijani cha embe bichi." Nilizunguka maduka mpaka nikaipata. Siku hiyo ndiyo niliyosikia sauti yake mara ya mwisho.

Kuanzia hapo, nikipiga unapokea wewe. Mama amelala. Mama anaswali. Mama kaenda kwa jirani kasahau simu. Nilikuuliza kama umempeleka hospitali kwa kile kifua, ukasema ameshakwenda, amepewa dawa, anaendelea vizuri. Nilikuamini. Kwa nini nisikuamini? Ni mama yetu sote.

Halafu Jumamosi ile nikakupigia tena. Mlango wa chumba una ngazi mbili, na magoti ya Mama unayajua. Nikakuuliza, "Kaka, atazimudu?" Ukasema, "Mjengeeni mteremko, ndio vizuri zaidi."

Mama alikuwa kaburini, Khatibu. Ulikuwa umeshamzika, umeshapokea pole za watu, watu wameshakula wakaenda zao. Ukaniambia nimjengee mteremko.

Tukaujenga. Jirani yetu Marcellin, Mkongo wa Bukavu anayejua kazi ya zege, alikuja na koleo lake mwenyewe. Nassir akachanganya, Luqman akaleta maji kwa ndoo. Walipomaliza, mimi nikainama nikashika ufagio kama fimbo, nikawaonyesha Mama atakavyopita. Wakacheka. Nikacheka pia. Sijui hilo nitakusameheje.

Kesho yake ilikuwa Siku ya Urithi, siku ambayo nchi hii nzima inachoma nyama. Familia zetu za Kitanzania na za Kikongo za mitaa hii tukakutana bustanini kando ya maji. Picha unazosambaza zilipigwa hapo, asubuhi. Ndiyo, nimecheka mpaka ufizi. Nilikuwa nawaeleza wenzangu kwamba mama yangu anakuja.

Akatokea Saida. Yule yule mnayegawana naye ukuta. Alikuwa amefika wiki hiyo kwa dada yake, mtaa wa La Rochelle, jirani na kwetu. Akanishika mikono yote miwili.

"Kidawa, pole na msiba."

"Msiba wa nani?"

Akamtazama dada yake, akanitazama mimi. "Wa mama yako. Hukuambiwa?"

Nikamwambia amekosea mtu. Nikageukia sufuria nikaendelea kupakua pilau, nikaijaza sahani hadi ikamwagikia nyasi. Saida akanitoa upawa mkononi taratibu. "Mdogo wangu," akasema, "mimi ni mmoja wa tuliomwosha."

Nilikaa chini pale pale. Nassir akakunja mkeka hatujala. Luqman alikuwa ananiuliza kitu kwa Kiingereza na sikumwelewa hata neno moja.

Nilikupigia nikiwa bado kwenye nyasi. Hukukana. Ulisema, "Ungetaka tukusubiri, na maiti haisubiri." Nani alikuambia ningetaka Mama asubiri? Dini uliyofundishwa wewe nilifundishwa mimi, kwenye mkeka mmoja. Nisingekuja kumzuia mtu. Ningekaa chini nikalia siku ile ile mliyolia, basi. Hicho tu ndicho ulichoninyima, na hakikuwa chako.

Tena usinidanganye kwamba ulinihurumia. Saida amenieleza. Mama hakupelekwa hospitali. Alikuomba, majirani wakakuomba, ukasema ni mafua ya msimu, yatapita. Ulijua nikisikia amekufa, swali langu la kwanza litakuwa daktari alisema nini. Ndiyo maana Mama akawa analala, anaswali, anasahau simu. Na ulipoona picha zangu ukapata pa kujifichia: ukawaambia ndugu kwamba niliambiwa na nikapuuza.

Jioni ile nilichukua nyundo ya Nassir nikaupiga ule mteremko. Eish, Marcellin anajenga! Ulimeguka pembeni tu. Alisikia kelele akaja, akasimama karibu yangu bila kuninyang'anya. "Dada Kidawa," akasema, "mikono yako itaumia bure. Jumamosi ikifika na bado unataka, nitauvunja mimi."

Jumamosi akaja kweli, na nyundo kubwa begani. Nikamwambia auache.

Siku hiyo tuliweka matanga kwenye kile chumba, rangi bado inanuka. Watu wa Tanga, wa Dar, wa Unguja wakajaa hadi uani, tukamsomea Mama hitima. Brigitte, mkewe Marcellin, alikuja na wanawake wa kanisa lao wamebeba masufuria ya wali na sombe, kisamvu cha kwao. Wao si wa dini yetu, na hawakumjua Mama. Walikaa chini na sisi mpaka mwisho. Wewe uliyenyonya ziwa moja na mimi ulikuwa unasambaza picha.

Sasa sikiliza ninachotaka. Shule zikifunga Desemba tunakuja, mimi, Nassir na Luqman. Usije kutupokea stendi. Usitutandikie kitanda, tutafikia kwa shangazi, kama atatukubali akishasikia haya. Kanga za Mama mpe yeye aniwekee, usizigawe.

Makaburini utanipeleka wewe, kwa sababu ulimzika wewe na ndiye unayejua alipo. Utanionyesha kwa mkono. Kisha utaondoka, uniache na mama yangu.

Msalimie shangazi Mwanaisha, umwambie nampenda. Msalimie wifi Tatu na wanao, hao hawana kosa. Mwambie Saida akirudi kwamba alimwosha Mama kwa niaba yangu, na sitamsahau.

Mungu amrehemu Mama, ampe kivuli na nafasi. Wewe akupe umri mrefu, uishi na hilo ulilolifanya.

Mdogo wako niliyekupenda,
Kidawa