Nani Atangulie, Pampu au Kipima Maji

Boke mjukuu wangu,

Mimi mzima, ng'ombe mwekundu amezaa. Lakini kompyuta yako ya Linux inayowasha mitambo hapa kwenye shimo letu la dhahabu Genkuru imenichosha! Kwenye faili la kupanga nani aanze, uliandika pampu ingoje kipima maji kiwake. Nikakataa. Pampu ya miaka mitatu, kipima maji cha juzi. Tangu lini mkubwa akamngoja mdogo? Mstari nikaufuta kwa kidole changu, bila miwani.

Pampu ikawaka shimo likiwa kavu, ikaungua. Maji yalipoingia, baba yako Godwin alikuwa chini; yalimfika kifuani. Tulimvuta kwa kamba. Haongei na mimi.

Rudisha mstari wako. Nimenunua pampu nyingine. Hii ni mdogo wa kipima maji, itangoja.

Babu yako Nyangwine, fundi