Goli la Mwanahawa

Mjukuu wangu Zaina,

Huku Kwedizinga tu wazima, na mahindi yamebeba. Umeniuliza kama watoto unaowafundisha mpira wahesabiwe magoli. Hata mimi sijui.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mwalimu wetu wa shule alisema wajamaa hawashindani, magoli ya netiboli yasihesabiwe. Tulicheza kwa raha, hadi mwenzetu Mwanahawa, aliyekuwa hajawahi kufunga, alipofunga.

"Mwalimu, langu lihesabu," akasihi, machozi yakimlenga.

Kesho yake mwalimu akahesabu. Waliofungwa wakagomba, wakasusa. Mwalimu akabaki ameshika mpira, hajui afanye nini.

"Na lile langu la jana?" Mwanahawa akauliza.

"Nililiona, mwanangu."

Mwanahawa akacheka, akaupokea mpira, akakimbilia uwanjani. Sote tukamfuata, na hadi leo sijui magoli ya mchezo ule yalihesabiwa au la.

Wasalimie wanafunzi wako.

Bibi yako, Mwanaidi