Matanga Tuliyokataa Kuyaondoa

Wifi yangu Vumilia,

Mimi mwizi wa kaka yako nakuandikia. Usijifanye hunijui. Miaka yote niliyoolewa na Kalume hukuniita jina langu hata mara moja. Ukipita nje ya ua wa parseli yetu ulikuwa unapaza sauti, "Mwizi iko? Kaka yangu amekula?" hata wageni wakaanza kuangalia mifuko yao. Tangu uende hakuna anayeniita hivyo. Nalia kidogo nikikumbuka, halafu nacheka, halafu nalia tena. Umenichosha.

Lakini leo sikukaa hapa ili nilie. Nimekaa kwenye bustani, Vumilia, kwenye benchi lile la saruji lililo karibu na mchikichi, na ni alasiri, na niko peke yangu. Mkoba wangu uko wazi pembeni. Hakuna aliyenipulizia moshi usoni wala aliyeniuliza kama nataka kidonge cha kunipa nguvu. Tumeshinda, wifi yangu. Nimelibeba neno hili siku nyingi nikitafuta wa kumwambia kwanza, na kila nikitafuta naona ni wewe.

Unakumbuka ulivyotuacha. Komanda, yule muuza bangi, na vijana wake walikuwa wamekalia mabenchi yote. Bangi ilifungwa kwenye karatasi za daftari za shule, na vidonge vya tramadoli viliuzwa kama karanga, kwa wachimbaji dhahabu waliotoka Salamabila na kwa vijana wa pikipiki. Akina mama tuliogopa, tukaanza kuwapitisha watoto barabara kubwa wakienda shule, mpaka mtoto wa jirani akavunjwa mguu na pikipiki. Siku iliyofuata ukachukua ufagio. Kila asubuhi ulifagia vichungi na chupa kwenye miguu yao, huku ukiimba nyimbo za kanisani kwa ile sauti yako mbaya, Mungu anisamehe, ilikuwa mbaya kweli. Nilikuambia watakupiga. Ukaniambia, "Wanipige, lakini watainua miguu."

Na mikutano ile! Mtaa mzima uligawanyika. Papa Asumani, mwenye duka la simenti lililopakana na bustani, alitaka ukuta wa matofali na mlango mmoja, funguo ashike yeye. Ukasimama mbele ya watu wote ukamwambia, "Papa Asumani, bangi itatoka, simenti yako itaingia." Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika, naye hakukusalimia tena. Mama Sifa, muuza mikate, naye alikuja juu, "Mukiwafukuza, mikate yangu nitauzishia mbuzi?" maana wavuta bangi wanajua kula. Nyinyi wawili mlikuwa mmesoma darasa moja, mkaacha kusemezana kwa sababu ya bustani. Mwishoni shefu wa mtaa akatoa neno lake: mvua zikiisha mahali hapa pakiwa bado ni pori la walevi, atampa yule anayeweza kupajengea ukuta. Kila mtu akamtazama Papa Asumani, na Papa Asumani akatazama viatu vyake.

Kisha presha ikakuangusha kabla ya mvua kuisha. Sitaandika habari za siku ile. Bado siwezi.

Kaka yako alitaka tukulilie nyumbani kwako, kama desturi. Lakini mvua ilikuwa imebomoa ukuta wa jiko lako na uwanja ulikuwa tope tupu. Nikamwambia Kalume, tutandike kwenye bustani. Akanitazama kama nimesema tukuzike sokoni. Nilikuwa na hasira, Vumilia, hasira na wewe uliyekufa, hasira na wao waliobaki hai. Nikamwambia, pale alipopagombania ndipo atakapoliliwa. Akaenda kutafuta turubai.

Hatukumfukuza mtu. Tulitandika mikeka mbele ya miguu yao, tukapanga masufuria, tukaanza kulia. Unawajua watu wetu. Mtu anaweza kukosa kumwogopa Mungu na polisi, lakini hapiti mbele ya kilio na kofia kichwani. Wale vijana walisimama mmoja mmoja, wakasogea kando, wakatuachia mabenchi. Komanda alivua miwani yake myeusi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake, na yalikuwa macho madogo tu ya mtu ambaye hajalala vizuri.

Sasa sikiliza aliyekuja kupika. Mama Sifa! Alikuja na gunia lake la unga kichwani, analia kwa sauti kuliko ndugu zako wa ukoo, "Vumilia, umeniacha na maneno mudomoni!" Alifunga kitenge vizuri, akatwanga majani ya muhogo ya sombe kwa mkono wake. Harufu ikaenda mpaka sokoni, na hapo ndipo Komanda alipokosea. Njaa ilimshika. Akaja, akakaa kwenye mkeka, akala bugali na sombe sahani mbili, akajilamba vidole. Mama Sifa akamsimamia.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Basi mutu anakula ya kilio, anatumika ya kilio. Kuni zimeisha."

Wengine walidhani atamtukana. Lakini ameishi hapa Kasongo muda wa kutosha, anajua. Ukikaa kwenye mkeka wa kilio ukala, wewe ni mtu wa kilio hicho mpaka matanga yaondolewe. Unatumwa, hugombani, na hufanyi biashara pale watu wanapolia. Ukikataa, siku yako ikifika hakuna atakayekuja kukulilia. Komanda ni mtu wa mbali, hana mama hapa wala shangazi. Nadhani hilo ndilo lililomwingia. Alikwenda akarudi na mzigo wa kuni kichwani, wifi, Komanda mwenyewe, na wauzaji wa sokoni waliacha meza zao kuja kumwangalia. Vijana wake waliokula naye tukawapa madumu ya maji.

Siku zilizozoeleka zikatimia. Papa Asumani akaja na kanzu yake safi, akampa kaka yako mkono wa pole, kisha akasema, "Kalume, ondoa matanga, watu wako na kazi." Shefu naye akatuma mtu kusema hivyo hivyo. Hata Komanda alikuwa anasubiri kwa hamu, maana mizigo yake ilikuwa inaoza kwa unyevu mahali alipoificha. Na mwenye haki ya kusema mikeka iinuliwe alikuwa mmoja tu, kaka yako wa pekee. Niliogopa atakubali. Unamjua kaka yako. Ni mtu anayemwomba mbuzi radhi kabla ya kumwondoa njiani. Ulikuwa unamcheka, unasema mama yenu alimzaa siku ya Jumapili, hana ugomvi.

Kalume alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Mimi bado ninalia."

Papa Asumani akamuuliza mpaka lini.

"Dada yangu alikuwa mumoja. Sijui."

Akakaa chini. Vumilia, nimeishi na mwanaume yule tangu nikiwa msichana, na siku ile nilimpenda upya kama mjinga, katikati ya kilio, machozi yananitoka na mdomo unataka kucheka. Papa Asumani alitazama huku na huku akitafuta wa kumuunga mkono. Lakini nani atamwambia mtu kwamba amelia vya kutosha?

Kwa hiyo hatukuondoa matanga. Tulipeana zamu. Leo wanawake wa kwaya, kesho majirani zetu Waislamu na mikeka yao na dua zao, keshokutwa akina mama wa mashambani waliopita kutoka sokoni. Tulikuja na kazi zetu, wengine wanabambua karanga, wengine wanasukana nywele. Mama akiwepo, mtoto anakuja. Watoto wakarudi kupita njia ya bustani kwenda shule, na wakitoka shule hawakuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Wateja wa Komanda walifika na vumbi la Salamabila kwenye nyusi, wakamkuta tajiri wao amebeba dumu. "Komanda, ile kitu iko?" Mama Sifa akajibu kabla yake, "Iko bugali tu." Wakakaa, wakala, wakatumwa kuni. Haikuchukua muda habari ikaenea kwenye machimbo yote: usiende bustani ile ya Kasongo, utatoka huko na shoka.

Nisikudanganye kwamba yote yalikwenda vizuri. Asubuhi moja tulikuta turubai limechanwa na sufuria kubwa limetobolewa. Wengine wakasema ni vijana wa Komanda, wengine wakanong'ona kuhusu Papa Asumani, na Papa Asumani akaja kutuambia, "Niliwaambia mujenge ukuta." Nikamjibu neno ambalo sitaliandika, kwa kuwa sasa uko karibu na Mungu. Tuligombana wenyewe kwa wenyewe pia. Wako waliochoka, waliosema huyu marehemu ana matanga marefu kuliko mfalme. Mvua ilitunyeshea kupitia matundu ya turubai. Nilirudi nyumbani nimelowa, nikasema kesho siendi, na kesho yake nikaenda, kwa sababu Kalume alikuwa ameshatoka na mkeka wake kwapani.

Komanda ndiye aliyechoka kwanza. Alikuja amevaa shati safi, bila miwani, akamwambia kaka yako, "Papa, kilio yenu haina mwisho. Naenda." Wanasema alichukua njia ya Lusangi. Kama huko anachimba au anauza, sijui. Bangi haijaisha Kasongo, wifi, bado inauzwa nyuma ya soko na wewe ungekuwa umeshahamishia ufagio wako huko. Lakini hapa haiuzwi. Hapa hakuna anayethubutu hata kuuliza.

Kiangazi kikaingia, na shefu akaja kuangalia lile pori lake. Papa Asumani alimfuata nyuma na mita ya kupimia mkononi. Walikuta watoto wanaruka kamba, vikongwe wamelala kivulini, na kwaya inafanya mazoezi. Shefu alizunguka, akapiga mabenchi kwa fimbo, akauliza mbele ya watu wote ni nani bado anataka ukuta. Papa Asumani akainua mkono. Akatazama nyuma. Mke wake wa ndoa alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja nasi, anabambua karanga, wala hakuinua hata kichwa. Mkono ukashuka taratibu. Shefu akasema bustani inabaki ya mtaa, haipewi mtu, na wanawake ndio watakaoisimamia. Vigelegele vilivyopigwa hapo, Vumilia! Kama hukuvisikia huko uliko, basi masikio yenu yana nta.

Siku hiyo hiyo Kalume akasema, "Sasa nimemaliza." Tukainua mikeka. Kama inavyotakiwa, mahali pa kilio pakafagiwa, lakini badala ya wanandugu wachache mtaa mzima ndio uliofagia, kutoka mchikichi mpaka ukuta wa shule. Kwenye tundu la mti tulikuta vifurushi vya bangi vimeota ukungu, tukavichoma kwenye jiko la Mama Sifa huku tumeziba pua. Nikamtafuta kaka yako. Alikuwa amekaa nyuma ya mti na ufagio mkononi, analia kwa sauti, kama mtu aliyepata habari sasa hivi. Alikuwa amewaambia watu wote kwamba bado analia, na kumbe hakuwa ameanza. Nilikaa naye pale chini mpaka akatulia.

Mengine ni habari za kawaida. Papa Asumani ametoa simenti ya kutengeneza benchi lililovunjika, na amehakikisha hakuna mtu Kasongo asiyejua kwamba ametoa. Ananisalimia. Mama Sifa anauza mikate kwa watoto wa shule, na analalamika kwamba wanakula kuliko wavuta bangi. Yule mtoto wa jirani anatembea vizuri, anachechemea kidogo tu akiwa amechoka. Mimi nimenenepa. Bado nakukasirikia siku nyingine, nikipita nikaona jinsi palivyo pazuri, na wewe hukuona.

Kalume amekuja kunichukua, amesimama kule anajifanya hanisubiri. Nikuage, wifi yangu. Pumzika. Hakuna kazi uliyotuachia hapa ambayo haikumalizika. Na mimi nakupa ahadi moja. Nimemwambia kaka yako, nimewaambia wanangu na wakwe zangu wote: siku yangu ikifika, wasitandike mikeka hapa. Wanililie nyumbani, hata kama ni kwenye tope mpaka magotini. Sitaki bustani hii isimame kwa ajili ya kilio changu hata asubuhi moja, maana watoto watakuwa wanacheza.

Wifi yako,
Mama Riziki