Medali ya Mume Wangu na Risasi Nilizombadilishia

Bi Hilja mpendwa,

Naomba unisaidie kabla sijapasuka. Nimemdanganya mume wangu, uongo wenyewe umepewa medali, medali imetundikwa jikoni, na kila asubuhi nikikaanga mayai inanitazama.

Mume wangu anaitwa Reino, ana miaka sitini na sita, tumeoana mwaka wa thelathini na tisa huu, si mlevi, kuni anapasua mwenyewe, kwa hiyo usiniambie nimwache, sikukuandikia kwa sababu hiyo. Tatizo lake ni kwamba ni mlenga shabaha halafu ni mbishi. Klabu yetu hapa kaskazini mwa Michigan hushindana kwa bunduki katika yadi mia mbili, mia tatu na mia sita, na kila mwanachama anajua kwamba kwenye umbali mfupi unatumia risasi fupi, nyepesi, zinazokaa vizuri kwenye magazini, kwa sababu pale unafyatua haraka haraka, na kule yadi mia sita unatumia nzito zaidi ili upepo wa ziwani usizisukume ovyo, lakini uzito huo uwe ule ambao mtutu wako unauweza. Mtutu wa Reino ni wa zamani, wa marehemu baba yake, mifereji ya ndani inaizungusha risasi polepole, na risasi nzito kabisa isipozungushwa vya kutosha haifiki kwa ncha, inayumba hewani na kuingia kwenye karatasi kwa ubavu.

Sasa majira ya baridi yaliyopita Reino alikutana na jamaa mmoja kwenye maonyesho ya bunduki, jamaa mwenye kofia kubwa na maneno mengi, akamwambia mabingwa siku hizi hawahangaiki, wanachukua kichwa cha risasi kizito kuliko vyote na kukitumia kila mahali, karibu na mbali, na Reino, ambaye mimi nikimwambia mvua inanyesha anatoka nje kuhakikisha, huyo alimwamini papo hapo, akarudi na katoni nzima.

Mazoezi ya Mei yakafika. Marlys Tervo, nahodha wa timu, ambaye ndiye dereva wa basi la shule, alikuwa shimoni chini ya shabaha, kule wanakozishusha na kuzipandisha na kusoma matundu. Akaita kwenye redio:

"Reino, mzee wangu, risasi zako zinaingia ubavu. Tundu limekuwa refu kama la ufunguo."

"Umeishika karatasi upande!"

"Karatasi imebandikwa kwenye fremu, Reino. Siishiki mimi."

Delbert, mwenyekiti wetu, akadakia, "Unapiga risasi wewe, au unarusha samaki?" Watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Kwenye gari nikamwambia taratibu, "Mtutu wako hauziwezi hizo, Reino. Chukua za uzito wa kati."

"Ni upepo."

"Upepo unaisogeza risasi, hauilazi ubavu."

"Wewe uliacha kulenga zamani, utajua nini?"

Nijue nini! Bi Hilja, baba yangu alinifundisha kupakia risasi, kujaza baruti kwenye ganda na kukaza kichwa juu yake, nikiwa na miaka tisa, kwenye meza ya chumba cha chini ya nyumba, na niliacha kulenga mwaka tisini na moja kwa sababu mwaka huo nilimshinda Reino kwa pointi kumi na moja na hakusema nami mpaka Pasaka, nikaona heri amani ya nyumba kuliko kikombe cha bati.

Basi, siku moja kabla ya mashindano ya wilaya mwezi Juni, yeye akiwa juu ya paa anaziba bomba la moshi la sauna, nilishuka chini, nikafungua kitabu cha vipimo, nikakigeuza kipimo chake cha baruti, kile chombo cha mezani kinachomimina kiasi kilekile kwa kila risasi, kifuate risasi za uzito wa kati kwa bunduki kama yake, nikapakia thelathini, nikaziweka ndani ya boksi lake aliloliandika kwa wino mwekundu NZITO, YADI 600, na zake nikazificha kwenye pipa la viazi. Hakuona tofauti, maana havai miwani ya kusomea, anasema miwani ya karibu inaharibu jicho la mbali.

Alipiga kama kijana. Risasi mbili za kujipima, akarekebisha, halafu ishirini za kuhesabiwa, na zote isipokuwa moja zikaingia kwenye duara jeusi, ya mwisho katikati kabisa. Akawa wa kwanza kwa wenye miaka zaidi ya sitini, akasimama kila mtu anampa mkono, akanitazama na macho yamemlowa akasema, "Umeona sasa, Aili?" Nikasema nimeona. Ningesema nini?

Tangu siku hiyo nyumba imekuwa chuo kikuu. Anafundisha klabuni, anafundisha kanisani kwenye kahawa, juzi alimfundisha mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Delbert amekubali Reino aipakie timu nzima, watu wanne, hizo nzito kwa ajili ya mashindano ya jimbo mwezi Agosti. Wawili wana mitutu mipya, lakini Marlys ana mtutu wa zamani kama wa Reino. Marlys amejaribu mara nne, mwaka jana alikosa nafasi kwa pointi mbili, na huu ndio mwaka wake wa mwisho kwa sababu bega litapasuliwa vuli hii. Risasi zake zitafika ubavu mbele ya jimbo zima na atadhani ni bega.

Ninavyokuandikia kwenye simu hii Reino yuko chini, amekwisha kuanza, nasikia mpini wa mashine ya kupakia unagonga, anapiga mluzi. Hata kipimo cha baruti hajakigusa, kiko vilevile nilivyokiacha mimi, amesema kila kitu kilikuwa tayari na Mungu anampenda. Jumamosi anakwenda kuzijaribu. Nikimwambia, nitamvunja moyo mtu ambaye hajafurahi hivi tangu binti yetu alipozaliwa. Nikinyamaza, nimemwangamiza Marlys. Nifanyeje?

Aili, niliyechoka

*

Aili,

Wasomaji wangu watanisamehe, safari hii sikungoja gazeti lichapwe. Niliisoma barua yako Alhamisi mchana, nikafika kwenye kipimo cha baruti, nikaacha kusoma nikashika simu. Wewe binti wa mpakiaji unaniandikia kurasa juu ya medali na moyo wa Reino, halafu jambo linaloweza kumtoa macho unalitaja kwa mstari mmoja, kama habari ya maziwa kumwagika! Risasi ya uzito wa kati hupewa baruti nyingi kuliko nzito kabisa. Kipimo ulikigeuza kwa ajili ya zile zako. Yeye akaja kuweka juu yake vichwa vizito, bila miwani, akipiga mluzi. Baruti ikizidi hivyo, bunduki inaweza kupasuka mbele ya uso wake, na wa Marlys, na wa wale wengine wawili wa timu.

Nilikuuliza, "Reino yuko wapi?"

"Chini."

"Amepakia ngapi?"

"Sijui. Mia?"

"Shuka ukamzuie sasa hivi. Simu usiikate."

Nilisikia ngazi, nikakusikia unasema, "Reino, acha," na yeye, "Nini tena, mama?" Kisha ukayatoa yote kwa pumzi moja: paa, kitabu, boksi, viazi. Halafu nikamsikia anauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuitegemea kwa mtu uliyemwandika vile:

"Hata ile ya mwisho?"

"Hata ile ya mwisho, Reino."

Sasa ngoja nikuambie nisichokuambia siku ile kwa sababu ulikuwa unalia.

Umekosa, na si kidogo. Hakuna upendo unaomruhusu mtu kuweka risasi kwenye boksi lenye jina la risasi nyingine. Mlenga shabaha anakabidhi uso wake kwa kile kilichoandikwa pale. Ulitaka kumkinga asichekwe, ukamwekea kitu asichokijua kwenye bunduki, na kipimo hukukirudisha. Baba yako angekunyang'anya ufunguo wa kile chumba.

Na wewe Reino, maana najua unasoma hapa huku ukisema husomi, umeishi miaka thelathini na tisa na mtu anayejua mtutu wako kuliko unavyoujua, ukaenda kumsikiliza mwenye kofia. Karatasi ilikuonyesha. Marlys alikuonyesha. Mkeo alikuambia ndani ya gari bila kupaza sauti. Ulitaka akuambie nani, posta? Vaa miwani. Jicho la mbali halitaondoka kwa wivu. Lakini na hili ulisikie: hizo ishirini ulizipiga wewe. Upepo uliusoma wewe, pumzi ulizishika wewe. Aili alikupa risasi inayofaa, basi, kama ambavyo ungempa yeye kama angekuomba. Sheria hazikatazi kupakiliwa na mke. Medali iache ukutani.

Niliyowaagiza kwenye simu nayaandika tena hapa, na sitaki barua nyingine ya kujadiliana. Zote alizopakia Reino zivunjwe, moja moja, baruti itupwe, nyote wawili mkiwa mezani. Zile nane zilizobaki za Aili zitoke kwenye lile boksi, na lile boksi lichomwe. Kuanzia leo anayegeuza kipimo anaandika kwenye karatasi tarehe, uzito na jina lake, na anayekuja baada yake anapima upya kwa mizani kabla ya kupakia hata moja. Kwa yadi mia mbili na mia tatu mtumie nyepesi zinazoingia kwenye magazini, timu nzima. Kwa mia sita, Reino na Marlys za uzito wa kati. Wale wawili wenye mitutu mipya wazijaribu hizo nzito, kwa vipimo vyake, na wakipata matundu ya mviringo wapewe katoni yote kwa furaha. Mtutu wowote usiende mashindanoni na risasi ambayo haujaionja mazoezini kwa umbali uleule. Karatasi ndiyo inayochagua. Mwenye kofia hana kura.

Marlys aambiwe na Reino mwenyewe, kwa mdomo wake, si kupitia kwako.

Hilo amekwisha kulifanya, ulivyoniandikia jana. Siku nne alivunja risasi mia na kumi na nane, miwani ya duka la dawa puani, na siku ya tano akaendesha mpaka kwa Marlys akasimama barazani akasema yote. Marlys akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Asante, Reino. Sasa naomba Aili ndiye anipakilie." Akarudi nyumbani akaufikisha ujumbe kwako kama ulivyo, halafu akaenda kulala saa kumi jioni.

Unaniuliza kama ukatae ili asiumie. Aili! Ulikwisha kuacha bunduki mara moja ili mtu mzima asinune, na tazama ulikofikia, umejificha chini ya nyumba ukishinda kwa mkono wa mwingine. Usimpikie mkate wa nyama wa kumbembeleza. Usimwambie Marlys una kazi nyingi. Reino ameumia, ataumia tena kidogo, na hatakufa. Kilichokaribia kumuua ni ile baruti. Mwache alale saa kumi jioni wiki nzima akitaka.

Marlys ana mashindano yaliyobakiza wiki tano na bega linalongoja kisu. Mpigie leo umuulize mtutu wake unapenda nini. Jumamosi saa mbili asubuhi uwe uwanjani, ushuke shimoni, na kila atakapofyatua umwambie ukweli wa lile tundu.

Hilja