Kigoda, Meza, Kabati

Jumamosi, 7 Juni

Nimeosha baiskeli mbili. Nimepaka mnyororo mafuta, nimejaza upepo. Kila Jumamosi ni hivi. Grisi chini ya kucha hainisumbui. Kinachonichefua ni kesho. Kesho nitavaa filimbi shingoni, nisimame ukingoni mwa machimbo ya zamani, na watu wazima tisa waniite kocha.

Machimboni tuna ngazi tatu. Sisi wenyewe tumezipa majina. Kigoda kinafika gotini. Meza inafika kiunoni. Kabati linafika kidevuni. Unakuja kwa kasi, unaruka na baiskeli, unatua chini, unaendelea. Ndio mchezo wenyewe. Wengi wanashuka Kigoda. Meza anaishuka Jacques peke yake, mchomeleaji, ambaye hasikilizi mtu. Kabati bado hakuna.

Mimi sijawahi kushuka hata Kigoda. Mwaka mzima nasingizia goti. Goti langu ni zima kabisa. Inanitia kinyaa kuliandika hili, lakini basi, limeandikwa.

Walinichagua kwa sababu ya mawese. Miaka kumi na mitatu nilisukuma mafuta kutoka Komanda hadi hapa Bunia, bidoni sita, madumu ya plastiki, nyuma ya kiti. Mzigo ukiwa nyuma, gurudumu la mbele linataka kupaa. Unalalia gido, ndivyo tunavyouita usukani, la sivyo baiskeli inakutupa chali. Mwili wangu unajua jambo hilo moja tu. Ndilo ninalowafundisha.

Jumapili, 8 Juni

Béatrice ameanguka.

Niandike kama ilivyokuwa. Béatrice ni mshonaji, mashine yake iko karibu na soko. Katika klabu nzima hakuna anayenitii kama yeye. Leo alitaka Meza. Alikuja kwa kasi nzuri. Alipokaribia ukingo nilipiga kelele: "Lalia gido!" Akalalia. Gurudumu la mbele likaanguka kwanza, likajichimbia, baiskeli ikampindukia. Nilisikia mkono wake. Sauti ile sitaieleza.

Mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Mdomo umepasuka. Hospitalini wamemfunga plasta, wiki sita.

Nilimbeba hadi kwenye pikipiki. Njiani alikuwa ananishukuru. Ananishukuru!

Jumatatu, 9 Juni

Klabu nzima wana jibu tayari. Ni freni. Freni ya mbele ilikaba. Baiskeli yake nilikuwa nimeitazama mwenyewe Jumamosi, na breki zilikuwa sawa. Wameniuliza. Nikasema ndiyo, huenda ni freni.

 

Jumatano, 11 Juni

Nilikwenda kumwona na mkate na sukari. Mashine ameifunika kwa kitenge. Mama yake ndiye anayewarudishia wateja vitambaa vyao, kimoja kimoja, na kuwaomba radhi.

Béatrice aliona haya mbele yangu. Yeye ndiye aliyeona haya. "Kocha, usikasirike," alisema. "Ni miye nilikosa. Kifua haikufika mbele ya kutosha. Hii plasta ikitoka, nitalala juu ya gido kabisa. Na haiko Meza tena. Ni Kabati."

Wakaniletea sombe, majani ya muhogo, na samaki. Nikala. Nikaomba nyongeza. Kabati, na kifua juu ya usukani. Mimi natafuna.



Alhamisi, 12 Juni

Inawezekana yeye ndiye aliye sahihi. Labda kweli hakuinama vya kutosha. Nimejaribu kuamini hivyo tangu asubuhi. Sasa ni saa kumi na bado naamini nusu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikwenda machimboni peke yangu. Alfajiri hakuna klabu, wapo tu wanawake wanaovunja kokoto, wengi wamekimbia vita vya Djugu. Nilidhani hawatajali.

Kigoda. Kinafika gotini, watoto wangekishuka. Nilikuja polepole kwa woga, nikalalia gido kama ninavyofundisha. Mdomo ukala udongo. Mara ya pili, bega. Mara ya tatu niliangukia mavi ya mbuzi, mabichi, hadi sikioni. Mmoja wa wale mama aliacha nyundo yake akaniuliza: "Papa, iko unatafuta nini mule chini? Tukusaidie kutafuta?" Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu.

Niliosha sikio mtoni. Harufu ikabaki. Sasa najua, na sikutaka kujua. Mara tatu nimefanya sawasawa na mafundisho yangu, na mara tatu yamenitupa vilevile yalivyomtupa Béatrice. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mahali pa juu zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Nilitaka uhakika. Labda ni mwili wangu tu, mzee na mzito. Nikafanya tuliyokuwa tukifanya barabarani tukibishana kuhusu mzigo: nikauliza bidoni.

Nilijaza maji bidoni mbili ndogo. Nikazifunga nyuma ya kiti kwa mpira, nikaisukuma baiskeli kwa nguvu, nikaiachia ipite Kigoda peke yake. Ikatua kwa magurudumu yote mawili, ikakimbia mita kadhaa, ikalala. Nikahamisha bidoni, nikazifunga kwenye usukani. Nikasukuma. Ikapinduka miguu juu. Nikarudia mara nne kila upande, maana mimi ni mbishi. Jibu halikubadilika.

Uzito ukae nyuma. Ni hilo tu. Barabarani nililalia gido kwa sababu bidoni sita zilikuwa nyuma zikivuta. Béatrice hana bidoni. Nyuma yake kulikuwa na hewa. Nilimfundisha kusawazisha mzigo ambao hakuubeba.

Jacques anatua kwa sababu hanisikilizi. Mwaka mzima namkaripia kwamba anakaa vibaya.

Jumapili, 22 Juni

Klabu. Niliwaambia leo hakuna kuruka, ardhi imelowa. Haikuwa imelowa sana. Walinung'unika, tukazunguka tu.

Mwanachama mmoja mpya, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa kwenye Kigoda akielekezwa na wengine. Nikawasikia, kwa sauti yangu, kwa lafudhi yangu: lalia gido, lalia gido. Nikapiga filimbi hadi mate yakaruka. Wakanitazama. Kocha amekuwa mwoga tangu Béa aumie, wakasema. Wakanihurumia.

Ilikuwa nafasi yangu. Wote walikuwepo. Nilifungua mdomo nikasema tukutane Jumapili.

Naichukia filimbi hii. Ina ladha ya chuma na uongo wangu.

Ijumaa, 27 Juni

Leo nimetua Kigoda.

Nilipofika ukingoni nilinyoosha mikono, nikapeleka matako nyuma ya kiti, magoti yamekunjwa kidogo. Mwili wote ulipiga kelele kwamba nitaanguka chali, kama kwenye mlima wenye matope na bidoni sita. Sikuanguka. Baiskeli ilitua, ikaendelea, na mimi juu yake.

Nilitazamia furaha. Haikuja. Ni rahisi mno! Sekunde moja tu, mikono iliyonyooka, na mkono wa Béatrice ungekuwa mzima. Nilikaa juu ya jiwe nikajitukana kwa lugha zote ninazozijua. Wale mama wa kokoto walipiga makofi. Nikaondoka bila kuwaaga, jambo lingine la kujionea aibu.

Jumamosi, 5 Julai

Meza. Mara nne nilifika ukingoni nikakaba breki. Mara ya tano nilijiambia nikikaba tena nitaitupa baiskeli shimoni na niendeshe kitoroli. Nikapita. Nikatua. Nilijiuma ulimi, damu kidogo, na kiwiko kimechubuka kwa kupita karibu mno na ukuta wa machimbo.

Nyumbani mke wangu alitazama kiwiko, mgongo, magoti. Wiki tatu sasa anayaona haya na anayanyamazia. "Papa Grâce," alisema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "huyu mwanamke mwenye iko anakukwangua hivi, iko na kucha za nini?"

Nikamweleza yote. Goti, mafundisho, bidoni, sombe niliyoomba nyongeza. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akauliza: "Na Béa iko anajua?"

Nikasema bado. Nilitaka kwanza niwe nimejifunza vizuri, ili nikimwambia niwe na kitu cha kumwonyesha.

"Kumbe!" alisema. "Mutoto wa watu amekaa na mashine imefunikwa, na weye iko unaruka-ruka kusudi siku ya kusema usionekane mubaya." Akachukua sahani yangu kabla sijamaliza.

Hadi leo niliita hii kazi toba. Ilikuwa kujipamba.

Jumapili, 13 Julai

Béatrice ametuma ujumbe. Plasta inatoka Ijumaa. Jumapili anakuja machimboni. Nimesoma mara nyingi sentensi ya mwisho: nimefanya mazoezi ya kuinama hapa nyumbani, kwenye meza ya mama, kila siku.

Kila siku. Wiki tano anafanya mazoezi ya kujiua, na ni mimi niliyempa zoezi.

Ningeweza kujibu kwa ujumbe. Niliandika, nikafuta. Niliandika tena. Ningekuwa mwoga hadi mwisho, kwa kidole kimoja. Hapana. Uso kwa uso, na wengine wakiwepo, kwa sababu uongo niliusema wakiwepo.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekwenda choo mara tano. Mke wangu anacheka.

Jumapili, 20 Julai

Nimesema.

Béatrice alifika wa kwanza, mkono umekonda, ngozi imepauka. Wengine walipowasili, alikuwa ameshapanda baiskeli anatazama Kabati. Nikasimama mbele ya gurudumu lake, nikavua filimbi. Sauti yangu ilikuwa mbaya lakini ilitoka. Breki zilikuwa sawa. Béatrice alifanya nilichomwambia, na nilichomwambia ndicho kilichomvunja. Na goti langu haliumwi, halijawahi kuumwa, nilikuwa naogopa.

Jacques alianza kucheka, akaona nyuso za wenzake, akaacha.

Béatrice alishuka kwenye baiskeli. "Ulijua lini?" akauliza.

"Tarehe kumi na saba. Mwezi wa sita."

Niliona anahesabu siku. Nilitamani anipige. Hakunipiga. Alinitazama kama mtu anavyotazama alichokanyaga, kisha akatema mate chini, si juu yangu, karibu tu. "Mama yangu alikupikia," alisema.

Halafu akanielekeza Meza kwa mkono ule uliokonda. "Shuka, nione."

Nikashuka. Mikono imenyooka, uzito nyuma. Nilitua vizuri kuliko siku zote. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka, anasukuma baiskeli yake, hajageuka nyuma. Watu wa klabu walianza kuulizana habari ya mikono na uzito, wakikatizana maneno, wakitaka niwaonyeshe tena. Niliwaonyesha, kwa sababu bila hivyo wangeumia.

Jumatano, 23 Julai

Nilipita karibu na soko. Kitenge kimeondolewa juu ya mashine ya Béatrice. Anashona polepole, anasimama, anatikisa kiganja, anaendelea. Sikuingia. Alikuwa na haki ya kufanya kazi bila uso wangu.

Filimbi nimempa Jacques. Ameipiga mara moja ndani ya nyumba yangu, mke wangu akamfukuza.

Jumapili, 27 Julai

Mawingu, hewa nzuri, udongo mkavu.

Sikudhani Béatrice atakuja. Alikuja. Amefunga kifundo cha mkono kwa kitambaa cha buluu. Aliwasalimia wote, mmoja mmoja, akaniruka. Akaenda moja kwa moja kwenye Kigoda, akasimama juu, miguu chini pande zote mbili za baiskeli.

"Jacques," akasema, "nifanye nini?"

Jacques, mwenye filimbi ya ukocha sasa, hajui anachofanya, anakifanya tu. Alinitazama. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa Béatrice. Nikamwambia Jacques: "Mwambie anyooshe mikono."

"Anasema unyooshe mikono," akasema Jacques.

"Mwambie matako nyuma ya kiti. Asiangalie gurudumu, aangalie anakokwenda."

Jacques akarudia, neno kwa neno, kwa sauti kubwa, kana kwamba nimesimama ng'ambo ya mto. Hakuna aliyecheka. Béatrice akarudi nyuma, akaja kwa kasi, akatua. Mkono ukastahimili.

Akapanda tena. Nikamwambia Jacques: alichelewa kunyoosha. Jacques akamwambia. Akatua vizuri zaidi. Mara ya tatu, vilevile: mimi kwa Jacques, Jacques kwake.

Mara ya nne nikasema magoti yalegee kidogo. Béatrice akayalegeza bila kumsubiri Jacques.