Kikombe cha Tambiko

Uiseong, 2 Oktoba

Yeon-suk mwanangu,

Kabla ya salamu: pombe anayolewa kaka yako Gi-tae akija hapa naitengeneza mimi, na naitengeneza kwa ajili yake.

Sasa salamu. Hujambo? Wajukuu wangu wameacha kukohoa? Kifua changu kimezidi. Daktari hadhani nitaona vitunguu saumu vya msimu ujao vikivunwa.

Uliponiuliza kwa nini nimefufua matambiko mpaka la babu wa babu yangu, nilikujibu habari za heshima. Nilidanganya. Kila tambiko linataka pombe, na inayobaki kikombeni lazima wazao wainywe, maana ni baraka. Gi-tae hakosi hata moja. Anamsujudia mtu asiyemjua hata kwa sura, jicho liko kwenye mtungi. Kisha analala hapa mpaka imtoke, nami naupigia simu uongozi wa ghala la vitunguu anakofanya kazi, nasema ana homa.

Namhurumia, mwanangu. Tambiko la mama yenu limekaribia. Nifanyeje?

Baba yako

Pohang, 9 Oktoba

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, kikohozi kimeisha, zimebaki kelele. Barua yako imeniliza, kisha ikanichekesha. Babu wa babu, Baba? Huyo naye kiu hiyo kaitoa wapi?

Nami nina langu nililokuficha. Jumanne huwa naenda kanisani, kwenye kikao cha ndugu za walevi. Tunachoambiana ni hiki: mpe chakula, mpe kitanda, mpende. Pombe usimpe, wala usimdanganyie bosi wake. Akikasirika, mwache akasirike.

Mama alipenda maji matamu ya mchele. Mmiminie hayo. Na Gi-tae mwambie kweli, usimvizie.

Kunywa dawa zako.

Bintiyo

Uiseong, 5 Novemba

Mwanangu, hamjambo huko? Mimi napumua.

Nilifanya ulivyosema. Gi-tae alinusa kikombe.

"Mama kaokoka siku hizi?"

"Mimi ndiye nimeacha kutengeneza," nikamwambia. "Na ghalani sipigi simu tena. Wali upo, kitanda kipo."

"Mwalimu mzima, unamnyima marehemu mkeo kinywaji."

Alisujudu vizuri tu. Kisha akavaa viatu. Nilishika nguzo ya baraza kwa mikono miwili nisije nikamwita.

Tangu siku hiyo simjui aliko. Chumba alichopanga kimefungwa. Mtungi nimeuosha na kuupindua, lakini mchele upo na chachu ipo. Nikitengeneza kidogo tu, si atarudi?

Baba yako

Pohang, 10 Novemba

Baba, shikamoo.

Usitengeneze. Hata mimi silali.

Bintiyo

Uiseong, 20 Desemba

Yeon-suk mwanangu,

Hujambo? Mume na watoto je? Kaa chini kwanza usome polepole, si habari mbaya.

Gi-tae yupo. Ghalani walimfukuza, maana safari hii hakuna aliyewaambia kuwa ana homa. Alikunywa mpaka akaanguka njiani huko Daegu. Alipozinduka hospitalini aliwaomba mwenyewe madaktari wamlaze palepale, na akakataza tusiambiwe mpaka aweze kusimama. Amerudi wiki iliyopita. Amekonda, lakini kinywa chake kinanukia dawa ya meno.

Alisimama mlangoni akauliza, "Yale maji ya Mama yalibaki?"

Nilimtengenezea mengine.

Sasa yeye ndiye ananipikia uji, na nikiuangalia tu ananisema: "Mzee, huo si wa tambiko, hausujudiwi. Kula." Jumanne anataka kwenda nawe kanisani, kama walevi wenyewe nao wana kikao. Mpokee, ila nauli ya kurudi ajilipie.

Juzi nilimwambia neno ambalo hata wewe nilikuwa bado nakuficha. Aliukoroga uji kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilikuwepo, Baba. Kula." Tangu hapo nalala usingizi wa mtoto. Nawe lijue nikingali hai.

Haikuwa huruma. Mwaka ule alipokuwa ameacha kunywa, akapata kazi Ulsan na begi lake likawa tayari mlangoni, niliona nitabaki peke yangu. Kwenye tambiko la mama yenu nikamwekea kikombe mkononi. Alikikataa. Nikamwambia mama yake anamngoja anywe.

Baba yako